Rais wa chuo kidogo cha Marekani ana mamlaka gani? Kisa cha Sweet Briar

Tarehe 3 Machi 2015 walimu na wafanyakazi wa Chuo cha Sweet Briar, chuo cha wanawake kilichoko vilimani katika jimbo la Virginia, waliitwa ghafla ukumbini. Baada yao wakaitwa wanafunzi. Rais wa chuo, James F. Jones, aliwaeleza kwamba bodi ya wadhamini ilikuwa imekwishakaa siku tatu nyuma na kupiga kura: mwaka ule wa masomo ungekuwa wa mwisho, na tarehe 25 Agosti chuo kingefungwa kabisa. Hakikuwa kimefilisika. Mfuko wake wa wakfu ulikuwa na takriban dola milioni 84, na mishahara ilikuwa ikitoka kama kawaida. Hoja ya Jones ilikuwa kwamba hesabu za miaka inayokuja zimegoma, na kwamba ni afadhali kufunga mlango mapema, wakati fedha za kuwaaga watu kwa heshima bado zipo, kuliko kungoja kutolewa nje na wadai.

Miezi minne baadaye chuo kilikuwa wazi, na aliyeondoka ni Jones. Hakushindwa na serikali wala na benki. Alishindwa na wanawake waliosoma hapo, wengine miaka arobaini au hamsini nyuma, watu ambao kama kundi hawakuwa na kura yoyote ndani ya kikao kilichoamua.

Ilikuwaje mtu mwenye cheo cha rais, aliyeungwa mkono na bodi yake, ashindwe na wahitimu? Ili kulijibu swali hilo inabidi kukifungua kiti chenyewe na kukitazama ndani, maana ni kiti ambacho kwa mbali huonekana kina nguvu kuliko kilivyo.

Huku kwetu tumezoea utaratibu mwingine. Mtendaji wa chuo kikuu ni Makamu Mkuu wa Chuo, na kwa chuo cha umma nguvu zake zinatoka juu, serikalini. Mwaka 2017 Rais Magufuli alimteua Profesa William Anangisye kuongoza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na suala likaishia hapo. Chuo binafsi cha Marekani hakina mkubwa wa namna hiyo juu yake. Kina bodi ya wadhamini, watu wasiolipwa, wengi wao wafanyabiashara, wanasheria na wahitimu waliofanikiwa, wanaokutana mara chache kwa mwaka. Wao ndio wanaomwajiri rais na ndio wanaomfukuza. Jambo hilo lilikatwa zamani sana. Mwaka 1815 wadhamini wa Dartmouth, New Hampshire, walimfukuza rais wao, John Wheelock. Jimbo likaingilia kati na kutaka kukigeuza chuo kuwa mali ya umma. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 1819 iliamua kwamba hati ya kuanzishwa kwa chuo ni mkataba, na serikali ya jimbo haina ruhusa ya kuuvunja. Tangu hapo bodi ya chuo binafsi Marekani imekuwa kama mwenye nyumba, na rais ni mtu aliyekabidhiwa funguo.

Vyuo vya aina ya Sweet Briar huitwa vya sanaa huria. Ni vidogo: wanafunzi mia kadhaa hadi elfu mbili au zaidi kidogo, karibu wote wa shahada ya kwanza, wanaoishi mabwenini. Mwanafunzi haingii akiwa amekwishafungiwa kwenye uhandisi au sheria tangu akiwa na miaka 18. Anasoma biolojia, historia, hesabu na falsafa, kisha mwaka wa pili anachagua somo la kuzamia. Darasa linaweza kuwa na watu kumi na wawili, na profesa anakufahamu kwa jina na anajua kwamba juzi hukuja. Elimu ya namna hii ni ghali kuiendesha, kwa sababu gharama yake kubwa ni watu, na mtu huwezi kumbana afanye kazi ya watatu bila kuua kilekile unachouza.

Afrika Mashariki tunavijua vyuo hivi kuliko tunavyodhani. Wangari Maathai, katika ile safari ya wanafunzi wa Kenya iliyotokana na juhudi za Tom Mboya, alipelekwa mwaka 1960 katika mji wa Atchison, Kansas, kwenye chuo kidogo cha wanawake kilichoendeshwa na masista Wabenedikto, Mount St. Scholastica. Akahitimu biolojia mwaka 1964. Chuo hicho ukikitafuta leo kwa jina lile hukipati: mwaka 1971 kiliunganishwa na cha wanaume cha jirani na kuwa Benedictine College. Wakati Maathai anafika Marekani vyuo vya wanawake pekee vilizidi 200. Leo vimebaki kama thelathini. Sweet Briar ni kimoja katika hao manusura, na aliyekalia kiti cha rais pale alikuwa akiogelea dhidi ya mkondo huo kabla hajafanya kosa lolote la kwake mwenyewe.

Njia ya kufika kwenye kiti

Jones hakuwa mgeni wa kazi. Njia yake ndiyo njia ya kale: alikuwa msomi wa fasihi ya Kifaransa, akafundisha, akapanda uongozi wa kitivo, kisha akawa rais wa Kalamazoo College huko Michigan kuanzia 1996 hadi 2004, halafu Trinity College ya Hartford, Connecticut, kwa miaka kumi. Ngazi yenyewe haina siri: mhadhiri, mkuu wa idara, mkuu wa kitivo, mkuu wa taaluma, rais. Katika kila hatua mtu anaacha kidogo kile kilichomleta. Anayefika juu huwa hafundishi tena, hafanyi utafiti, na jioni zake nyingi anakula chakula na watu wenye fedha.

Trinity ilimwonjesha mapema kilichokuja kumkuta Virginia. Mwaka 2012 alisimamia sera iliyovitaka vyama vya kijamii vya wanafunzi, vile vya wavulana peke yao na vya wasichana peke yao, vipokee jinsia zote. Kwa nje ni jambo dogo. Lakini kwa wahitimu wengi wa Trinity chama kile ndicho kilikuwa chuo. Walichokumbuka hakikuwa somo la Kifaransa, ni nyumba waliyolala na marafiki waliowapata humo. Wakachachamaa, wengine wakatishia kukata michango, na mwaka 2013 Jones akatangaza kwamba ataondoka mapema kuliko ilivyopangwa. Aliyemrithi aliifuta sera hiyo.

Kwa hiyo alipofika Sweet Briar mwaka 2014 kama rais wa mpito, baada ya Jo Ellen Parker kuondoka, alikuwa tayari amepigwa na wahitimu mara moja. Ndiyo maana naona ajabu kwamba katika mpango wa kufunga chuo hao ndio watu ambao hakuwahesabu.

Kazi yenyewe imekuwa ya kupita. Kwa mujibu wa uchunguzi unaofanywa na American Council on Education, mwaka 2006 rais wa chuo wa wastani alikuwa amekaa kitini miaka 8.5, mwaka 2022 ilikuwa miaka 5.9. Mwanafunzi anakaa minne. Profesa mwenye ajira ya kudumu anaweza kukaa thelathini. Katika nyumba hiyo rais anakaribia kuwa mpangaji wa muda, na walimu wanajua hilo. Mpango wasioupenda wanaweza kuukalia kimya mpaka mwenyewe aondoke.

Na hawalazimiki kumtii sana. Katika mila za vyuo hivi mtaala ni mali ya walimu: wao ndio wanaopiga kura somo lipi lifundishwe na nani astahili shahada. Profesa akishapata ajira ya kudumu, kumwondoa ni kesi, isipokuwa chuo kitangaze kwamba kiko katika dharura ya kifedha. Rais ana madaraka juu ya bajeti, majengo, uajiri wa wasaidizi wake na maneno anayosema hadharani. Hilo la mwisho nitalirudia, kwa sababu ndilo zito kuliko yote.

Bei iliyoandikwa na bei inayolipwa

Fedha kwanza. Mtu anayefungua tovuti ya chuo cha namna hii akiwa Arusha au Kisumu hukutana na bei ya kumtoa jasho. Sweet Briar, kabla ya mageuzi nitakayoyaeleza mbele kidogo, iliandika zaidi kidogo ya dola 50,000 kwa mwaka, ada pamoja na bweni na chakula. Karibu hakuna aliyekuwa akilipa hizo. Chuo kilikuwa kinampa mwanafunzi mpya punguzo, na kuliita ufadhili, lakini nyuma ya ufadhili huo mara nyingi hakuna mfuko wowote. Ni ada ambayo chuo kimeamua kutoidai. Punguzo la wastani pale lilipita asilimia 60 ya ada. Yaani katika kila dola mia za ada zilizotangazwa, zilizoingia hazikufika arobaini.

Mchezo huu una mantiki yake. Mzazi wa Kimarekani akiona bei kubwa huamini elimu ni nzuri, na akiona mwanawe amepewa ufadhili hujisikia fahari. Kila chuo kikafanya hivyo, na kila kimoja kikalazimika kuongeza punguzo kumpokonya jirani mwanafunzi. Mwishowe unaweza kuongeza idadi ya wanafunzi na mapato yakashuka. Sweet Briar mwaka huo wa 2014 ilikuwa na wanafunzi karibu 700 kwa jumla, na chini ya 600 ndio waliokuwa wakiishi chuoni. Wakati huohuo ilikuwa na ekari 3,250, majengo ya matofali ya kutunzwa, madeni ya hati fungani, na mazizi ya farasi.

Kwa nini basi isichukuliwe ile milioni 84? Msomaji wa Zanzibar, Lamu au Mombasa ataelewa hili upesi kuliko wengine. Mfuko wa wakfu wa chuo ni wakfu kwelikweli: shina haliliwi, huliwa matunda, na sharti la mwenye kuweka halivunjwi. Chuo kwa kawaida huchota kama asilimia 4 hadi 5 ya mfuko kwa mwaka. Asilimia 5 ya milioni 84 ni milioni 4.2, fedha ambayo kwa chuo chenye walimu na majengo yale haiendi mbali. Tena sehemu kubwa ya mfuko ilikuwa imefungwa na masharti ya watoaji. Aliyetoa fedha kwa ajili ya upandaji farasi, ambao Sweet Briar inasifika kwao, fedha yake haiwezi kutengeneza bomba lililopasuka bwenini. Rais anasaini taarifa yenye mamilioni, na hana ruhusa ya kuyagusa mengi kati ya hayo.

Kwa hesabu hizo Jones hakuwa mjinga. Nimesoma watu wakimchora kama msaliti aliyetumwa kukiua chuo, sikubaliani nao. Takwimu zake zilikuwa za kweli. Kosa lake lilikuwa la namna nyingine.

Ugonjwa usiotajika

Chuo kinauza ahadi ya miaka minne. Binti anayejiandikisha mwaka huu anataka kuamini kwamba mwaka wa nne kitakuwepo, na kwamba akiwa na miaka hamsini mwajiri au mwanawe akiuliza "ulisoma wapi?" jina hilo bado litakuwa na maana. Sasa fikiria rais asimame na kusema, "Tuna hali mbaya, tusaidieni." Msimu huohuo wazazi watawapeleka mabinti kwingine. Profesa hodari ataanza kutafuta kazi. Benki itaomba kuzungumza. Ikifika mwaka unaofuata hali mbaya aliyoitangaza imekuwa mbaya kweli, kwa sababu ameitangaza.

Akinyamaza, je? Wahitimu, ambao ndio pekee wangeweza kutoa fedha bila kudai riba, wanaendelea kupokea jarida lenye picha za vuli na mahafali, wakiamini mambo ni shwari. Wanatuma dola mia. Hakuna aliyewaambia kwamba inahitajika laki.

Hili ndilo fundo la kazi ya rais wa chuo kidogo, na kwa maoni yangu mengine yote ni matawi yake. Fedha zake ni imani ya watu iliyogeuzwa kuwa noti: imani ya mzazi, ya mhitimu, ya benki, ya chombo cha ithibati. Kusema kunaipunguza. Kutosema kunaipunguza vilevile, ila baadaye, na kwa mkupuo mmoja. Rais mahiri ni yule anayejua amwambie nani, kiasi gani, na lini. Jones na bodi yake walichagua kutomwambia mtu yeyote mpaka uamuzi uwe umekwisha. Bila kuanzisha harambee kubwa ya mwisho, bila kuwaita wahitimu na kuwaonyesha vitabu, walitangaza kifo. Kati ya sababu walizotoa kuna moja iliyowaudhi watu kuliko takwimu zote: rais alieleza kwamba chuo kiko shamba mno, mkahawa wa Starbucks wa karibu ni mwendo wa nusu saa. Kwa mtu aliyewahi kuamka pale alfajiri kutandika farasi, hayo yalikuwa matusi.

Wala Sweet Briar si peke yake katika hili. Mwaka 2024 University of the Arts ya Philadelphia ilitangaza tarehe 31 Mei kwamba inafungwa tarehe 7 Juni. Wiki moja. Rais wake alijiuzulu kabla hata wiki hiyo haijaisha. Wanafunzi waliokwishalipa amana ya muhula uliofuata walisikia habari hiyo kupitia magazeti.

Wosia wa mama mmoja

Wahitimu wa Sweet Briar hawakulia kwa muda mrefu. Ndani ya siku chache walikuwa wameunda shirika, Saving Sweet Briar, wakaajiri mawakili na kuanza kukusanya ahadi za fedha, ambazo zilipita dola milioni 20. Mwishoni mwa Machi mwanasheria wa Kaunti ya Amherst, Ellen Bowyer, akafungua kesi kwa niaba ya umma.

Hoja yao ilisimama juu ya wosia. Chuo kiliasisiwa mwaka 1901 kwa mali ya Indiana Fletcher Williams, aliyeacha ardhi ya familia ijengwe shule ya wasichana kuwa kumbukumbu ya milele ya binti yake Daisy, aliyefariki mwaka 1884 akiwa na miaka 16. Kama mali hiyo ni amana, yaani mali iliyokabidhiwa kwa lengo maalumu, walisema, basi wadhamini hawana haki ya kutumia fedha za kuendeshea chuo kwa kukifunga. Upande wa chuo ulijibu kwamba hii ni kampuni isiyo ya faida, na bodi ya kampuni inaweza kuivunja. Mahakama ya chini iliegemea upande wa chuo. Tarehe 9 Juni Mahakama ya Juu ya Virginia ilisema mahakama ya chini ilikosea kudhani kwamba sheria ya amana haiwezi kuigusa kampuni, ikairudisha kesi.

Kuna jambo katika wosia huo ambalo waliouinua kama ngao hawakupenda kulisema kwa sauti. Uliagiza elimu kwa wasichana weupe. Ardhi yenyewe ilikuwa shamba kubwa lililolimwa na watumwa enzi za baba yake Indiana. Miaka ya 1960 chuo kilipotaka kupokea wanafunzi weusi kililazimika kwenda mahakamani ili kuondolewa sharti hilo. Mwanafunzi mweusi wa kwanza aliingia mwaka 1966, na shauri likamalizika mwaka 1967. Kwa hiyo wosia uleule ambao kizazi kimoja kiliupinga mahakamani, kizazi kingine kilikuja kuutegemea. Sharti la marehemu linaweza kuwa baya na linaweza kuwa kinga, na rais anayerithi chuo anarithi yote mawili.

Tarehe 20 Juni Mwanasheria Mkuu wa Virginia, Mark Herring, alitangaza maafikiano, na siku mbili baadaye jaji akayaidhinisha. Saving Sweet Briar ingetoa dola milioni 12 ndani ya siku 60. Dola milioni 16 za mfuko zingefunguliwa zitumike. Jones na wajumbe wengi wa bodi wangeondoka. Fedha zilifika kwa wakati.

Waliokuja kuokota vipande

Rais mpya alikuwa Phillip Stone, mwanasheria aliyekuwa ameongoza Bridgewater College, chuo kingine kidogo cha Virginia, kuanzia 1994 hadi 2010. Aliingia mwanzoni mwa Julai. Walimu walikuwa wamepewa barua za kuachishwa, wanafunzi walikuwa wamehamia kwingine, na ofisi ya udahili ilikuwa imesimama. Wiki chache baadaye masomo yalipaswa kuanza. Yalianza, yakiwa na wanafunzi kama 240.

Sina mengi ya kusema juu ya mkakati wa Stone, kwa sababu sidhani alikuwa na muda wa mkakati. Alikuwa mzee mwenye sauti tulivu na jina lisilo na doa katika jimbo hilo, aliyepiga simu kwa walimu kuwaomba warudi. Kwa miaka miwili hiyo ilitosha, na ukitafakari, ni jambo ambalo mtaalamu yeyote wa fedha asingeweza kulinunua.

Aliyemfuata mwaka 2017 ndiye anayenivutia zaidi. Meredith Jung-En Woo alizaliwa Seoul, akaja Marekani akiwa kijana na kusoma Bowdoin, chuo kidogo cha sanaa huria huko Maine, akapata udaktari Columbia, akawa mtaalamu wa siasa na uchumi wa Asia Mashariki, na kuongoza kitivo cha sanaa na sayansi cha Chuo Kikuu cha Virginia. Alifika akiwa na kitu ambacho marais wachache hukipata: chuo ambacho kila mtu alikuwa amekwishakiona kikifa. Siri ilikuwa imetoka. Hapakuwa na sura ya kulinda.

Akaitumia nafasi hiyo. Kwanza bei: kuanzia mwaka wa masomo wa 2018 jumla ya ada, bweni na chakula ikashuka kutoka ile ya dola 50,000 na ushee hadi 34,000, na mchezo wa punguzo ukapunguzwa. Kwa maneno mengine, chuo kiliandika bei iliyo karibu na kile ambacho watu walikuwa wanalipa. Kisha mtaala: masharti ya zamani ya masomo ya lazima yakaondolewa, badala yake yakaja masomo machache ya pamoja yaliyojengwa juu ya uongozi wa wanawake, idara zikavunjwa na kukusanywa katika vituo vichache, mwaka wa masomo ukapangwa upya ili kuwe na vipindi vifupi vya wiki tatu vya kuzama katika jambo moja. Baadhi ya fani zilikufa na baadhi ya walimu waliondoka. Uhandisi ulibaki, jambo adimu katika chuo cha wanawake. Na zile ekari 3,250, ambazo Jones aliziona kama umbali kutoka Starbucks, zikaanza kulimwa: mizabibu, mizinga ya nyuki, kitalu nyumba kikubwa cha mboga.

Je, walimu walikubali yote hayo kwa moyo mkunjufu? Haiwezekani. Lakini mwaka 2013 mpango kama huo ungekaliwa mpaka rais achoke. Baada ya 2015 kila aliyekuwa kikaoni alijua kinachotokea mlango ukifungwa. Woo hakuwa na mamlaka zaidi kisheria kuliko waliomtangulia. Bodi ni ileile kwa muundo, ajira ya kudumu ni ileile. Alichokuwa nacho ni watu walioambiwa ukweli, hata kama ukweli huo uliwapiga usoni, na si yeye aliyeusema.

Hapo mtoto wetu anayeomba chuo cha aina hii anaweza kupata somo la vitendo. Bei iliyoandikwa isikutishe, wala jina la ufadhili lisikuleweshe. Mashirika mengi yasiyo ya faida Marekani hujaza kila mwaka fomu ya kodi namba 990, nayo iko wazi kwa umma. Humo utakuta mapato, matumizi, ukubwa wa mfuko, hata mshahara wa rais. Angalia miaka mitano mfululizo. Uliza kwa barua pepe ni wanafunzi wangapi walioingia mwaka huu na ni wangapi walioingia miaka mitatu nyuma. Chuo kikijibu kwa namba, hata namba ndogo, ni dalili njema. Kikijibu kwa picha za vuli, endelea kuuliza. Kuuliza hivyo kuna umuhimu zaidi kuliko ilivyokuwa zamani, kwa sababu Wamarekani walizaa watoto wachache zaidi baada ya msukosuko wa uchumi wa 2008, na watoto hao ndio wanaofikisha umri wa chuo sasa. Vyuo vidogo vinawatafuta wageni kwa bidii, na si vyote vitakavyokuwepo siku ya mahafali.

Woo aliondoka mwaka 2023. Bodi ilimchagua Mary Pope Hutson, aliyehitimu Sweet Briar mwaka 1983, mhitimu wa kwanza wa chuo hicho kukiongoza. Hakupanda ile ngazi ya mhadhiri hadi mkuu wa taaluma. Ofisi aliyotoka, humohumo chuoni, ilikuwa ya mahusiano na wahitimu na uchangishaji wa fedha: kwa miaka kadhaa kazi yake ilikuwa kuwapigia simu wale wanawake na kuwaeleza chuo kina nini na kimekosa nini.